Kobe Katika Shamba la Miwa

Muwa ni chupa ya maji iliyovaa gome. Zaidi ya thuluthi mbili za uzito wake ni maji, na asilimia 10 hadi 15 ni sukari. Sasa mchukue mtu aliyekula daku saa kumi usiku, mpe panga, mwingize katika ekari zisizoonekana mwisho za chupa hizo, mwambie azikate tangu kunapopambazuka, kisha umkumbushe kwamba haruhusiwi kuonja hata moja. Hayo ndiyo maisha ya mkata miwa aliyefunga katika bonde la Ruhembe, kusini mwa mji wa Mikumi, wilayani Kilosa.

Ruhembe iko kwenye njia inayoteremka kutoka Mikumi kupitia Kidodi hadi Kidatu. Kampuni ya sukari ya Kilombero ina mashamba na viwanda pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu, na upande wa Ruhembe umeangukia Kilosa. Ukiacha mashamba makubwa ya kampuni, wapo wakulima wadogo wengi wanaolima miwa yao na kuiuza kiwandani, kwa hiyo hata yule asiyeshika panga ana shemeji anayeshika.

Kazi yenyewe haina adabu. Miwa huchomwa moto kwanza ili majani makavu yaungue na nyoka watafute makazi mengine. Hubaki mistari ya mabua meusi. Mkataji anainama, anakata karibu kabisa na ardhi kwa sababu sukari nyingi imejificha chini, anafyeka kilele, anapanga rundo, anasogea. Analipwa kwa alichokata. Saa alizosimama akipangusa jasho hazina malipo. Ikifika saa nne asubuhi, uso, shingo, viganja na midomo vyote ni masizi matupu.

Na hapo penye midomo ndipo kesi zinapoanzia.

Aliyetafuna muwa uliochomwa ana mdomo mweusi. Aliyekata muwa uliochomwa bila kutafuna chochote ana mdomo mweusi vilevile. Mtu hawezi kutazama kundi la vibarua waliokaa chini ya mwembe saa sita mchana akajua nani kafunga na nani ni kobe, yaani anayekula mchana kwa siri. Ndiyo maana wenyewe wamejitungia taratibu za uchunguzi ambazo mpelelezi yeyote angezionea wivu. Mshukiwa huambiwa atoe ulimi, kwa kuwa masizi ya kazi hukaa nje na masizi ya dhambi huingia ndani. Hunuswa viganja. Akiwa na bahati mbaya zaidi, huzungukwa na nyuki watatu au wanne wasiotaka kuondoka kidevuni pake, na nyuki hawana sababu ya kumsingizia mtu.

Njia ya kujitetea ni moja, nayo ni ya kisheria kabisa. Aliyekula kwa kusahau saumu yake haiharibiki. Hilo limo katika hadithi za Mtume, na kila kibarua analijua hata kama hajui kingine chochote. Kwa hiyo Ramadhani ikiingia, bonde zima hupatwa na ugonjwa wa kusahau. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alikutwa nyuma ya tela akiwa ameshika muwa, akaapa kwamba alisahau. Mzee wa kundi akamuuliza kwa upole, “Ulisahau pingili ngapi, mwanangu?”

“Mbili, babu.”

“Na hii ya tatu?”

“Ya tatu nilikuwa nimeshaanza kukumbuka.”

Haki itendeke: vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, vimewafikiria sana watu wa vumbi. Vumbi la njiani linaloingia kooni lenyewe halibatilishi saumu, wala unga unaopeperuka wakati wa kuchekecha. Masizi ya miwa hayakutajwa, lakini mkata miwa yeyote yuko tayari kuwaeleza masheikh kwamba ni ndugu wa vumbi, tumbo moja. Ugumu unakuja kwenye tone la maji ya muwa linaloruka panga linapotua, likatulia kwenye mdomo wa chini. Likifutwa kwa mkono, hakuna neno. Likilambwa, siku imekwenda. Wapo watu wazima, wenye wake na wajukuu, waliosimama katikati ya shamba na tone hilo mdomoni, mikono yote miwili imejaa miwa, wakimwita mwenzao aje awapanguse.

Miaka ya karibuni iliwahi kuwa na huruma. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida na huchukua miaka 33 hivi kuzunguka misimu yote. Kati ya 2014 na 2017 ilidondokea kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Julai. Huko ndiko kipupwe chetu: asubuhi za Kilosa zina baridi ya kuvalia sweta, jua linachelewa kupata hasira, na mtu angeweza kukata miwa hadi adhuhuri bila kuiona roho yake ikimuaga. Msimu wa kukata nao huwa umeshafunguliwa, kwa hiyo kazi na saumu vilikutana, ila vilikutana kivulini.

Wakati huohuo ndugu zetu walioko Uingereza walikuwa wanafunga kiangazi chao. Mchana wa Juni wa London, ukihesabu tangu alfajiri, ulifikia saa kumi na nane na zaidi. Kilosa, umbali wa nyuzi saba hivi kusini mwa ikweta, saumu haitoki sana kwenye saa kumi na tatu au kumi na tatu na nusu, mwaka uwe wowote. Hapa ndipo wakazi wa kata ya Ulaya walipopata utani wa bure. Ulaya ni kata halisi ya wilaya ya Kilosa, iko njiani ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, na jina hilo limewachosha wenyewe kwa mizaha. Lakini katika miaka ile lilikuwa na faida yake: mtu aliweza kumpigia shemeji yake wa London, akamsikia analalamika kwamba magharibi kwao ni saa tatu na nusu usiku, akamjibu, “Pole sana. Sisi huku Ulaya tumeshafuturu, tumeshaswali tarawehe, tunatafuta mswaki.”

Raha hiyo inakwisha. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na sasa inarudi nyuma kuingia Februari, kisha Januari. Hiyo ndiyo miezi ya jua kali la Kilosa, upepo ukiwa umesafiri na bonde limebaki na joto lake. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine ikianza kabla mwaka haujafungwa. Habari hiyo ikitajwa kijiweni, watu hutazamana kama wametangaziwa kodi mpya.

Makosa mengi ya mchana hufanyika usiku, kwenye sinia ya daku. Mwenye nyumba anajua kesho ana kazi nzito, kwa hiyo anaona ajaze tumbo kwa kitu kizito: ugali mkubwa, dagaa wa chumvi, na pilipili ili usingizi umtoke. Chumvi hiyo humdai maji kuanzia saa mbili asubuhi, na haikubali kukopwa. Mwingine, mwerevu zaidi, ameshasikia kwamba adui ni kiu. Basi dakika kumi kabla ya adhana ya alfajiri anakunywa kidumu karibu kizima kwa mkupuo, akiamini anaweka akiba. Figo hazina ghala. Maji yakija kwa mafuriko huyatoa kwa mafuriko, na kabla jua halijachomoza vizuri mtu huyo ameshaingia kati ya mistari ya miwa mara nne, kila mara akirudi mwepesi zaidi na mwenye huzuni zaidi. Angekunywa kidogokidogo tangu magharibi, yangemkaa.

Wa tatu haumwi tumbo wala hana kiu. Anaumwa kichwa. Siku mbili tatu za kwanza za mwezi huwa hasemi na mtu, na watu humheshimu wakidhani saumu imemtakasa. Mara nyingi ni chai tu. Aliyezoea vikombe vitatu vya majani makali kila asubuhi, akivikosa ghafla, kichwa humgonga kwa kukosa kafeini, na hakuna dua inayokitibu haraka kuliko futari.

Ikifika adhuhuri, mambo huhamia kwenye bomba la kutawadhia. Kusukutua kinywa kunaruhusiwa kwa aliyefunga, mradi asipitilize. Uchamungu unaoonekana bombani saa saba mchana mwezi wa Februari ni wa ajabu. Mtu husukutua mara tatu kama ilivyo sunna, halafu anaongeza za wazazi wake waliotangulia. Shingo inainuka. Koromeo linapanda na kushuka. Imamu hujifanya anatafuta kandambili.

Jambo la kuchekesha kuliko yote ni kwamba sheria yenyewe haikumtaka mkata miwa ateseke kiasi hicho. Zaidi ya miaka mia sita iliyopita, mwanachuoni wa Kishafi wa Halab huko Sham, Shihabuddin al-Adhrai, aliyefariki mwaka 1381, alilitazama suala la wavunaji wanaofanya kazi juani ndani ya Ramadhani. Kauli yake, ambayo wanachuoni waliokuja baadaye waliipokea na kuifafanua, ni kwamba wavunaji watie nia usiku na waianze siku wakiwa wamefunga. Atakayefikwa na mashaka makali anafungua, na atailipa siku hiyo baadaye. Hakuwataja watu wa Ruhembe, lakini ungedhani aliwahi kupanda tela.

Tena sababu za kiafya zipo. Huko Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana, wameugua ugonjwa sugu wa figo usiotokana na kisukari wala shinikizo la damu. Watafiti wanaushuku mchanganyiko wa joto, kazi nzito na upungufu wa maji unaojirudia siku hadi siku, na dawa iliyosisitizwa mashambani ni maji, mapumziko na kivuli. Hao hawakuwa wamefunga. Mtu anayetoka jasho lita moja kwa saa bila kurudisha hata tone anacheza na kitu kisichotaka mchezo.

Kwa hiyo ruhusa ipo na sababu ipo. Wanaoitumia wako wapi?

Wamejificha, ndiyo jibu. Mkata miwa aliyefikwa na mashaka makali haogopi Mola wake, ambaye amemruhusu. Anaogopa watoto wa jirani. Akionekana na kikombe mkononi saa nane mchana, ikifika magharibi mtaa mzima unajua, na mpaka Idi ataitwa kobe, hata na wale ambao yeye mwenyewe aliwafumania Ramadhani iliyopita. Basi anaendelea kukata. Macho yanaanza kuona mistari sita palipo na mistari mitatu. Mwishowe anakaa chini “kunoa panga”, na ananoa kwa nusu saa nzima panga linaloweza kunyoa ndevu.

Kinachomwokoa mara nyingi ni Mkristo. Ruhembe na Mikumi ni mahali pa watu mchanganyiko. Kundi moja la wakataji lina Wavidunda, Wasagara, Wapogoro, na waliotoka Iringa na Mbeya kufuata msimu, wengine wa msikiti na wengine wa kanisa. Mwenzake asiyefunga huchukua chupa ya maji, anajifanya anamnawisha uso ili ashike nguvu, na maji yanayoelekezwa kwenye paji la uso yanakosea njia. Hakuna aliyeona. Mgonjwa anainuka, anasema al-hamdulillahi, na kuanzia hapo wawili hao wana siri inayodumu kuliko ndoa nyingi. Mwaka 2025 mambo yaligeuka kidogo, kwa kuwa Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5 na Kwaresma ikaenda sambamba na Ramadhani. Kundi likajikuta lina watu wawili waliojinyima kwa wakati mmoja, kila mmoja akimtegemea mwenzake awe ndiye mwenye shibe.

Wapo wanaotafuta mlango mwingine: safari. Msafiri anaruhusiwa kutofunga, na madereva wa bodaboda wa Kilosa hulijua hilo kama wanavyojua bei ya petroli. Ugumu ni kwamba kwa hesabu ya Kishafi safari hiyo lazima ifikie marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa kilomita themanini na kitu, na Kilosa hadi Mikumi kwa barabara ya Ulaya hazifiki themanini. Zimepungua kidogo tu, kwa namna inayoumiza. Kijana mmoja wa bodaboda alijaribu kuhoji kwamba kwa hali ya barabara ile, pamoja na kukwepa mashimo kushoto na kulia, pikipiki yake hutembea mia na ishirini. Sheikh akamwambia kuna sharti jingine: uwe umeshauacha mji kabla ya alfajiri. Kijana, ambaye hajawahi kuamka kabla ya saa moja, akaona bora afunge.

Magharibi nayo ina mitego yake, na huu wa kwanza ni wa jiografia. Wengi hufuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam, au ya simu ambayo mwenyewe hajawahi kuiambia kwamba amehama Dar. Kilosa na Mikumi ziko magharibi ya Dar kwa zaidi ya nyuzi mbili za longitudo, na jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi. Maana yake, jua la Dar likizama, la Kilosa lina dakika tisa hivi bado liko kazini. Dakika tisa zinatosha tende tano, bakuli la uji wa pilipili manga na kalimati zisizo na idadi. Kwa Mashafi, aliyekula akidhani jua limetua kumbe bado, hupaswa kuilipa siku hiyo. Hebu fikiria kukata miwa kutwa, ukashinda vita vya tone la mdomoni na vita vya bombani, halafu ukaangushwa na mtangazaji.

Wanaokataa redio huangalia jua kwa macho, na hao huangushwa na milima. Upande wa magharibi wa Kilosa umesimama Usagara. Bonde la Ruhembe lina Vidunda na Udzungwa. Jua hujificha nyuma ya milima hiyo mapema, kivuli kikaingia bondeni, kuku wakapanda juu, na mwenye njaa akaona dalili zote zimetimia. Mabishano ya “limezama” na “limejificha” yamewahi kuvunja jamvi zima la futari, mikono ikiwa hewani, mihogo ya nazi inapoa.

Wanamichezo nao wana busara zao kuhusu saumu. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2018, kabla ya Kombe la Dunia, Tunisia ilicheza mechi za kirafiki na Ureno na Uturuki katika Ramadhani. Kila mara jua lilipozama, kipa Mouez Hassen alilala chini akidai ameumia. Matabibu wakamwinamia, na wenzake wakakimbilia pembeni kwa tende na maji. Miaka sita kabla yake, mkimbiaji Mo Farah, mzaliwa wa Somalia, aliiahirisha saumu yake wakati wa Olimpiki ya London, ambayo ilikuwa ndani ya Ramadhani, na akaondoka na dhahabu mbili. Hakeem Olajuwon alifanya kinyume: Februari 1995 alifunga mwezi mzima na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA. Katika viwanja vya Mikumi jioni, mbinu ya Tunisia ndiyo iliyopata wafuasi. Adhana ikilia kabla ya filimbi ya mwisho, huumia kipa, mabeki wote wanne, na mshika kibendera mmoja.

Lakini aliye na taabu kuliko wote ni aliye ndani ya basi. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa kilomita hamsini hivi. Humo hakuna kushuka: kuna tembo, nyati, simba, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Basi la kutoka nyanda za juu likikutwa na magharibi katikati ya hifadhi, abiria wanafuturu wakiwa wamekaa. Tende zinatoka mifukoni, zinapita kiti hadi kiti, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu, na konda anapewa mbili ili asimuulize mtu tiketi.

Jioni moja ya namna hiyo kulikuwa na bwana mmoja aliyepandia Mikumi mjini, ametoka Ruhembe na masizi yake bado shingoni. Alikuwa na sambusa za mfuko mzima na chupa ya uji wa moto, na alikataa tende za watu kwa sababu alitaka kufungua kwa kitu cha nyumbani. Alisubiri. Alihakikisha jua limezama kweli, si la Dar, si la mlimani. Akafungua chupa, akamimina kikombe hadi juu, akatia dua ndefu kidogo kuliko alivyopaswa. Hifadhi ina matuta barabarani ya kuwalinda wanyama, na dereva alilikumbuka la kwanza alipokuwa ameshalifikia. Bwana akaruka, uji ukaruka juu zaidi yake. Alipomaliza kujipangusa mapajani na kuomba radhi kwa mama wa kiti cha mbele, mfuko wa sambusa ulikuwa umeshazunguka basi zima na kurudi mtupu, na mtu wa nyuma alikuwa anauliza kama kuna na pilipili.